Mzaliwa wa Kenya Aliyelinyang'anya Bunge la Marekani Turufu Yake

Ukimtajia mwanafunzi wa sheria wa Marekani jina la Chadha, atakujibu bila kusita: mwaka 1983, Mahakama ya Juu, kura saba kwa mbili, turufu ya Bunge ikafutwa. Muulize sasa huyo Chadha mwenyewe alikuwa nani, uone atakavyojikuna kichwa.

Alikuwa kijana kutoka Kenya. Jagdish Rai Chadha alizaliwa kwetu, katika familia yenye asili ya India, akaenda Marekani mwaka 1966 na viza ya mwanafunzi na pasipoti ya Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Bowling Green, katika jimbo la Ohio. Viza yake ilikwisha tarehe 30 Juni 1972, naye akawa bado yuko. Kuanzia siku hiyo mpaka jina lake lilipoandikwa juu ya moja ya hukumu kubwa kabisa za nchi ile ilipita miaka kumi na moja ya faili, barua na kungoja.

Mimi naishi Ohio hiyohiyo. Nimezaliwa Mombasa, na kazi inayonilisha ni ukalimani: nakaa kati ya jaji wa mahakama ya uhamiaji mjini Cleveland na ndugu zetu wa Kivu, kila neno la huku nalipeleka kule na la kule nalirudisha huku. Sheria sikusomea, na kanuni za kazi yangu zinanikataza kumshauri mtu yeyote juu ya kesi yake. Kusoma hakuna anayenikataza. Hukumu ya Chadha nimeisoma na kuirudia, kwa sababu ya swali ambalo mama mmoja wa Uvira aliniuliza kwenye korido tukisubiri kuitwa. "Mwanangu," alisema, "huyu jaji akisha sema ndiyo, kuna mwengine anaweza sema hapana?"

Kanuni ilinifunga mdomo. Lakini zamani za Chadha jibu lilikuwa: ndiyo, yupo, na wala si jaji.

Tuanze na pasipoti, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wako walioomba, na wako waliosita wakabaki na pasipoti za Mwingereza, wakiamini kwamba mlango wa London utakuwa wazi siku zote. Machi 1968 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya haraka iliyowawekea foleni watu hao hao: pasipoti unayo, lakini kama huna mzazi au babu wa kule, kuingia ni kwa kibali. Basi Chadha viza ilipomwishia alikuwa amezaliwa nchi isiyomhesabu kuwa raia wake, na mkononi ana hati ya nchi isiyotaka kumfungulia mlango moja kwa moja. Wazee wetu wa Ngara na Parklands, mjini Nairobi, wanawajua wengi wa namna hiyo.

Oktoba 1973 Idara ya Uhamiaji ilimwita aeleze kwa nini asirudishwe alikotoka. Januari 1974 akafika mbele ya jaji. Hakubisha: alikiri kwamba alikuwa amepitisha muda. Aliomba kitu kimoja tu ambacho sheria ya wakati huo ilikiruhusu, yaani amri ya kumfukuza isimamishwe, akubaliwe kuwa mkaazi. Masharti yalikuwa matatu. Uwe umekaa nchini miaka saba mfululizo. Uwe mtu wa mwenendo mwema. Na uonyeshe kwamba kukufukuza kutakuletea taabu kubwa kupita kiasi.

Watu hudhani mambo haya humalizwa kwa kumlilia jaji. Hayamalizwi hivyo. Chadha aliwasilisha maombi, akaambatanisha hati za viapo, na Idara ya Uhamiaji yenyewe ikatuma watu wake kuuchunguza mwenendo wake. Kikao kikaahirishwa, kikarudi Februari, maswali yakaulizwa. Tarehe 25 Juni 1974 jaji akaandika uamuzi: miaka saba ipo, mwenendo mwema upo, taabu ipo. Abaki.

Ingekuwa hadithi ya kawaida, ingeishia hapo. Lakini sheria ya uhamiaji ya 1952 ilikuwa na kifungu cha 244, na kifungu hicho kilikuwa na mkia. Mwanasheria Mkuu wa Marekani akisimamisha amri ya kumfukuza mtu, sharti apeleke taarifa Kongresi, yaani Bunge lao lenye mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Na baraza lolote moja kati ya hayo mawili likipitisha azimio la kukataa, uamuzi umekufa. Si lazima baraza la pili likubali, na wala hakuna saini ya Rais inayohitajika. Hiyo ndiyo turufu ya Bunge.

Mkia huo haukuwekwa kwa ubaya. Kabla ya 1940, mgeni aliyetaka kuokolewa asifukuzwe hakuwa na njia ila moja: Kongresi itunge sheria nzima kwa ajili yake, yenye jina lake. Wabunge walichoka kushinda wakijadili nani abaki na nani aende. Wakamkabidhi Mwanasheria Mkuu kazi hiyo, ila wakabakiza kamba mkononi. Kamba ya aina hiyo walikuwa wamekwisha kuijaribu mwaka 1932, enzi za Rais Hoover, alipotaka mamlaka ya kupanga upya ofisi za Serikali: panga, wakamwambia, lakini tukichukia tutapangua. Ikawapendeza. Miaka hamsini baadaye ilikuwa imechomekwa katika sheria zinazokaribia 200, kuanzia uhamiaji hadi vita.

Kwa mwaka mmoja na nusu Kongresi ilinyamaza juu ya Chadha. Tarehe 12 Desemba 1975, kikao cha mwaka kikiwa karibu kufungwa, mwenyekiti wa kamati ndogo ya uhamiaji katika Baraza la Wawakilishi, Joshua Eilberg wa Pennsylvania, aliwasilisha azimio la kuwakatalia watu sita. Tarehe 16 likaletwa ukumbini. Lilikuwa halijachapishwa, kwa hiyo wabunge waliokuwa wakiulizwa maoni yao hawakuwa na karatasi yake mezani. Eilberg alieleza kwa maneno machache kwamba kamati imepitia kesi 340 na kuona hao sita hawakutimiza masharti ya sheria, hasa lile la taabu. Hakukuwa na mjadala, na kura haikuhesabiwa kwa majina. Likapita.

Ni nini hasa kilichomponza Chadha? Jalada la kesi halisemi. Kati ya watu 340, kwa nini hawa sita? Halisemi pia. Jaji aliyemsikiliza aliandika kwamba sharti la taabu limetimia. Kamati ambayo haikumwona hata siku moja ikasema halikutimia. Na neno la kamati ndilo lililosimama.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa ni mahali ninapopajua kwa kazi. Mimi mkalimani kabla sijafungua kinywa naapishwa. Mimi! Mtu ambaye sina neno langu hata moja mle ndani. Mshtakiwa akitukana, natafsiri tusi. Nikikosea tarehe, nasimamisha kikao na kusema mbele ya wote kwamba nimekosea, kwa sababu kila kinachosemwa kinarekodiwa na siku moja mtu wa juu atakisikiliza upya. Wakili wa Serikali ana haki ya kuuliza, mwenye kesi ana haki ya kujibu na ya kuleta wakili wake, na jaji analazimika kutoa sababu. Taratibu hizi zinachosha, wenye kesi hupiga miayo, na mimi pia. Lakini ndizo zinazoufanya uamuzi uitwe uamuzi. Siku ile ya Desemba 1975 mtu mmoja na wenzake watano waliamuliwa hatima yao pasipo kuitwa wala kusomewa walichokosa, na hakukuwa hata na mtu mmoja aliyeapishwa ukumbini.

Baada ya hapo kesi ya kumfukuza ikafunguliwa tena. Chadha akamwambia jaji kwamba kifungu kile kinavunja Katiba. Jaji akajibu kwamba hana mamlaka ya kuipima sheria kwa Katiba, na Novemba 1976 akaandika amri ya kumfukuza. Bodi ya rufaa za uhamiaji nayo ikajibu hivyohivyo. Majibu hayo yalikuwa ya kweli, na tutaona baadaye kwa nini.

Rufaa ikafika Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, upande wa magharibi, na huko likatokea jambo la kuchekesha. Idara ya Uhamiaji, iliyotakiwa kumpinga Chadha, ilisimama ikasema: tunakubaliana naye, kifungu hiki ni kibovu. Marais wa vyama vyote viwili walikuwa wameichukia turufu ya Bunge tangu zamani, na sasa wanasheria wao walikuwa wamepata kisa walichokitamani. Mshtaki na mshtakiwa wakiimba wimbo mmoja, mahakama itahukumu nini? Majaji wakalialika Baraza la Wawakilishi na Seneti waje wakitetee kifungu chao wenyewe. Wakaja. Desemba 1980 hukumu ikatoka, imeandikwa na jaji aitwaye Anthony Kennedy, ambaye miaka michache baadaye naye aliingia Mahakama ya Juu: Kongresi imeingilia kazi isiyokuwa yake.

Mawakili wa Kongresi hawakukata tamaa. Mwaka huohuo Chadha alikuwa ameoa raia wa Marekani, nao wakadai kwamba sasa kesi haina maana, apite njia ya ndoa apate karatasi zake. Mahakama ya Juu haikukubali. Hiyo njia ya ndoa, ilisema, ni dhana tu kwa sasa, na mtu mwenye amri ya kufukuzwa juu ya kichwa chake ana haki ya kujibiwa. Wakili wa Chadha, Alan Morrison, alisimama mbele ya majaji Februari 1982. Wakasikiliza, wakashindwa kumaliza, wakaamuru ajenge hoja zake upya Desemba mwaka huo. Hukumu ikasomwa tarehe 23 Juni 1983.

Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwa niaba ya majaji sita. Hoja yake ni nyepesi kuieleza. Azimio la Baraza lilibadili haki ya mtu aliye nje ya Bunge: kabla yake Chadha alikuwa na ruhusa ya kubaki, baada yake hana. Kubadili haki za watu ni kutunga sheria. Na Katiba imesema sheria hutungwa namna gani: mabaraza yote mawili yapitishe, kisha Rais apelekewe atie saini au akatae. Mahali ambapo baraza moja laweza kutenda peke yake Katiba imepataja kwa jina, napo ni panne tu: Baraza la Wawakilishi kumshtaki kiongozi, Seneti kumhukumu kiongozi huyo, Seneti kuthibitisha uteuzi, Seneti kuridhia mikataba. Kumfukuza mwanafunzi wa Bowling Green hakumo.

Hoja hiyo inashika, na ndiyo inayofundishwa. Mimi naiona ya karani: fomu haikujazwa sawasawa, rudi ukaijaze. Inamaanisha kwamba laiti mabaraza yote mawili yangepitisha karatasi ileile isiyochapishwa, na Rais akaitia saini, Chadha angekwenda zake na pasingekuwa na kosa. Ndipo ninapompenda Jaji Lewis Powell.

Powell alikubali Chadha ashinde, lakini akakataa kuandika jina lake chini ya hoja ya Burger. Aliandika yake, fupi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyogusa kidonda. Tazameni, alisema, Baraza lilifanya nini hasa. Halikutunga kanuni ya watu wote. Lilichukua kanuni iliyokwisha kutungwa, yenye masharti matatu, likawaangalia watu sita kwa majina, na kuamua kwamba hawakuyatimiza. Hiyo ni kazi ya mahakama. Tena Baraza liliifanya bila kufungwa na yale yanayoifunga mahakama: hapakuwa na haki ya wakili, wala msikilizaji asiyeegemea upande, wala masharti ya ushahidi. Na waliopiga kura hiyo ni watu wanaorudi kwa wapigakura kila baada ya miaka miwili, ilhali mgeni hana kura.

Powell hakuyatoa hayo hewani. Waandishi wa Katiba ya Marekani, waliokutana Philadelphia mwaka 1787, walikuwa wametoka kuishi miaka ya mabunge ya majimbo yaliyojiona mahakama. Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa gavana wa Virginia, alilalamika kwa maandishi kwamba bunge la jimbo lake lilikuwa na mazoea ya kuamua haki za watu ambazo zilipasa kuachiwa mahakama. Kule Pennsylvania baraza maalumu lililopewa kazi ya kukagua utekelezaji wa katiba ya jimbo lilikuta malalamiko ya namna hiyo hiyo. Ndiyo maana Katiba ikakataza waziwazi sheria ya kumtia mtu hatiani kwa jina lake bila kesi. Tumezoea kuwaogopa wafalme. Wale jamaa walikuwa wamejifunza kumwogopa mbunge pia.

Msomaji asije akadhani kwamba Bunge la Marekani halina la kusema mahakama ikikosea. Linalo, na mfano mzuri ni wa mama aitwaye Lilly Ledbetter. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, tangu 1979 hadi 1998, na karibu na kustaafu akagundua kwamba analipwa chini ya wanaume wa cheo chake. Akashtaki. Juri ikampa zaidi ya dola milioni 3, ambazo kwa ukomo wa sheria zilishushwa hadi 360,000. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura tano kwa nne, ikamwambia amechelewa: sheria inataka mtu alalamike ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa mshahara ulipofanywa. Wengi waliona huo si uungwana. Kongresi nayo ikaona hivyo, ikabadili sheria ili siku hizo zianze kuhesabiwa upya kwa kila mshahara pungufu, na Rais Obama akaitia saini tarehe 29 Januari 2009, ikiwa sheria ya kwanza ya urais wake.

Sheria ile ina jina la Ledbetter. Yeye mwenyewe hakupata hata senti. Hukumu yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mwisho, na Kongresi haikuigusa. Inauma, lakini ndipo mpaka ulipo: Bunge linabadili kanuni kwa watu wote watakaokuja, na kesi iliyokwisha kuamuliwa inaachwa ilivyo. Kongresi iliwahi kujaribu kuuruka mpaka huo mwaka 1991, ilipoziamuru mahakama zifungue upya mashauri ya ulaghai wa hisa yaliyokuwa yamekwisha kutupwa. Mwaka 1995 Jaji Antonin Scalia aliandika kwa niaba ya wenzake kwamba amri hiyo haifai kitu.

Sasa, nisiwe shabiki. Upande wa pili wa hukumu ya 1983 alikuwako Jaji Byron White, na hoja zake hazijaoza. Serikali ya leo, alisema, ni kubwa mno. Bunge haliwezi kuandika kila kanuni, ni lazima liwape mawaziri na idara mamlaka. Ukilinyima kamba ya kuwavutia nyuma, umeliachia njia mbili tu: lisitoe mamlaka kabisa na kazi ilale, au liyatoe lisiweze kuyarudisha. Aliongeza kwamba kwa pigo moja mahakama imebatilisha vifungu katika sheria nyingi kuliko zote ilizopata kubatilisha tangu ianze.

Yaliyotokea baadaye yamempa White sehemu ya haki. Sheria ya hali ya dharura ya 1976 ilikuwa inaruhusu mabaraza mawili kuizima dharura iliyotangazwa na Rais, pasipo kumwuliza Rais huyo. Baada ya Chadha, mwaka 1985, ikabidi ibadilishwe: azimio la kuizima lipelekwe kwa Rais kama sheria nyingine. Februari 2019 Rais Donald Trump akatangaza dharura ili apate fedha za ukuta wa mpaka wa Mexico. Baraza la Wawakilishi likakataa kwa kura 245 kwa 182. Seneti, iliyoongozwa na chama chake mwenyewe, ikakataa kwa 59 kwa 41. Azimio likapelekwa kwa mtu yuleyule aliyetangaza dharura, naye akalipinga. Ili kumshinda zilitakiwa theluthi mbili. Machi 26 Baraza likapata 248 dhidi ya 181, na ukuta ukaendelea. Kabla ya 1983 kura zile za kwanza zingetosha.

Je, kilikuwa kitu kimoja, kumzuia Rais asitumie fedha na kumfukuza Chadha? Kwangu si kimoja hata kidogo, na ndiyo sababu narudi kwa Powell. Hoja yake ingezuia Bunge kumhukumu mtu, lakini ingeacha wazi swali la Bunge kumdhibiti Rais. Burger alichoma shamba zima ili kuua nyoka mmoja. Wala shamba halikufa lote: tangu 1983 Kongresi imeendelea kuandika vifungu vya turufu kwa mamia, hasa vile vinavyoitaka idara iombe idhini ya kamati kabla ya kuhamisha fedha. Kisheria havina nguvu, lakini idara nyingi huvitii, kwa kuwa kamati hiyohiyo ndiyo itakayopitisha bajeti ya mwakani.

Chadha alibaki Marekani. Alipoanza kesi alikuwa kijana asiye na nchi ya kurudi. Ilipokwisha alikuwa na mke na karibu umri wa miaka arobaini.

Limebaki jambo moja nililoahidi kulieleza. Jaji wa uhamiaji wa mwaka 1976 alisema hana mamlaka ya kuipima sheria kwa Katiba, na wa leo atasema vivyo hivyo. Sababu ni kwamba hayumo katika mhimili wa Mahakama. Amevaa joho, anaitwa mheshimiwa, lakini ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, yaani wa Serikali. Akikupa haki, wakili wa Serikali aweza kukata rufaa kwenye bodi, ambayo nayo ni ya wizara hiyohiyo, na Mwanasheria Mkuu mwenyewe aweza kulichukua faili na kuligeuza. Majaji wa kweli kweli, wanaoteuliwa na Rais, kuthibitishwa na Seneti na kukaa kitini maisha yao yote, unawakuta ukifika mahakama ya rufani. Kwa sisi wa Ohio ni ile ya Mzunguko wa Sita, mjini Cincinnati. Kongresi imetolewa kwenye mlolongo huo. Serikali haijatolewa, na sioni mtu mwenye haraka ya kuitoa.

Kwa ndugu mnaosoma haya mkiwa na karatasi za mahakama kabatini: mbunge wa eneo lenu anaruhusiwa kuuliza ombi lenu limefikia wapi, ofisi yake hufanya hivyo bure, na kuna wengi waliosaidika. Aweza pia kuwasilisha muswada wenye jina la mtu mmoja, ingawa ni wachache mno wanaopita. Kumwagiza jaji hawezi. Akija mtu mtaani kwenu akasema ana mheshimiwa wa Kongresi mfukoni na anataka dola mia kadhaa za kumwamsha, msimpe kitu. Fedha hizo wekeni kwa wakili, na kama hamna fedha, siku ya kwanza ombeni orodha ya mawakili wa bure. Mahakama ya uhamiaji yenyewe huitoa.